Bunduki Aliyoisifu Mjomba Shali

Iko siku moja, mwanangu, ambayo sitaisahau hata nikifika umri wa kuwasahau wajukuu wangu majina. Kaka yangu Athmani aliingia uani kwetu na bunduki mpya begani, akaiegemeza ukutani taratibu kama mtu anayemlaza mtoto, akaniambia, "Zuhura, waambie watoto wasiisogelee." Hilo ndilo neno la kwanza alilolisema juu yake. Nakwambia haya mapema ili ujue kaka hakuwa mtu wa mchezo. Watu wakisikia habari ya bunduki na maiti hudhani palikuwa na mpumbavu. Kwetu hapakuwa na mpumbavu.

Tulikuwa tukikaa Likoni, na shamba letu la mihogo lilikuwa nyuma ya Mtongwe. Ilikuwa miaka ile ya mwisho ya Mwingereza. Nguruwe mwitu walikuwa wakitoka vichakani na kufukua mihogo mpaka unakuta shamba limegeuka mashimo. Kuwala hatuwali, lakini wao walikuwa wakitula sisi. Serikali haikumpa kila mtu kibali cha bunduki, ila Liwali alimsemea kaka, akakipata.

Bunduki aliyoitamani ilikuwa ile ya komeo, ambayo kila ukitaka kupiga unavuta komeo nyuma na kulisukuma mbele ndipo rasasi iingie. Za toleo lile jipya zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza kuuzwa mjini. Kaka aliwajua watu wawili waliokuwa nayo, na kabla ya kununua akaenda kuwauliza wote wawili. Alifanya kama inavyotakiwa, mwanangu. Mpaka leo sioni alipokosea.

Wa kwanza alikuwa mjomba wetu Shali, ndugu yake mama, aliyekuwa akikaa Jomvu Kuu. Tulikwenda pamoja, mimi, mama na kaka. Mjomba Shali alikuwa mtu wa watu. Akiongea, wanaume huacha kahawa ipoe mikononi. Siku ile aliitoa bunduki yake kwenye kitambaa, akampa kaka aishike.

"Wallahi, Athmani, sijapata kuwa na kitu kama hiki," alisema. "Nyepesi. Unaponuia ndipo inapopiga. Nimemwangusha nguruwe kutoka ng'ambo ya mfereji, hakupiga hata hatua."

"Haina kasoro, mjomba?" kaka aliuliza.

Mjomba aliifuta kwa kitambaa. Kisha akasema, "Kasoro yake ni kwamba ukiishaizoea hutaitaka nyingine." Wote wakacheka, na mama akacheka.

Wa pili alikuwa jirani yetu Mzee Kombo. Huyu, Mungu amrehemu, alikuwa mlalamishi. Chai ikiwa tamu ni tamu mno, mvua ikinyesha imechelewa, isiponyesha tumelaaniwa. Alikuja kwetu alasiri, akakaa kwenye baraza na kaka, na mimi nilikuwa ndani ya mlango nakuna nazi, nikimsikia kila neno.

"Mkanda wake unakata bega," alisema Mzee Kombo. "Kitako kinavimba wakati wa mvua. Mwenye duka ana kiburi. Halafu sharti uondoe kile kifungo cha usalama ndipo uweze kuitoa rasasi ndani bila kuipiga, na yangu mara mbili nimekiondoa, kidole sijakitia, ikalia yenyewe. Na rasasi zake hazipatikani, lazima uvuke feri kila mara."

"Pengine uligusa bila kujua, mzee," kaka alisema kwa adabu.

"Pengine," alijibu Mzee Kombo, akaendelea na ubaya wa feri.

Basi pima mwenyewe. Upande huu mjomba wako, anayependwa na kila mtu, anaisifu. Upande huu mzee ambaye hata jua hulilalamikia. Kaka alinunua.

Kwa miezi kadhaa bunduki ile ilikuwa neema kwetu. Nguruwe walipungua, mihogo ikasimama. Kaka alikuwa akienda kulinda shamba pamoja na shemeji yake Bakari, ndugu wa mkewe Mwanaisha. Bakari alikuwa kijana mcheshi, kuli wa bandarini, hajaoa bado. Walipendana sana wale wawili, ingawa wiki hiyo walikuwa wamekoseana maneno juu ya mpaka wa shamba, na majirani waliwasikia.

Asubuhi moja walirudi, jua limekwishapanda. Mimi nilikuwa nafagia. Kaka hakuwahi kuingia ndani na bunduki iliyo na rasasi. Akasimama uani ili aitoe rasasi kwanza, akauelekeza mtutu kwenye ua wa makuti, kwa kuwa nyuma yake hapakuwa na kitu ila migomba. Hakujua kwamba Bakari amezunguka huko nyuma kunawa miguu. Nilimwona kaka akikisukuma kile kifungo kwa kidole gumba. Vidole vingine alikuwa amevikunja nje, mbali na pa kufyatulia. Niliviona kwa macho yangu. Ikalia.

Bakari hakupiga kelele. Alisema tu, "Athmani, nimeumia," kama mtu aliyejikwaa.

Tulimlaza kwenye mkokoteni. Feri ilikuwa upande wa pili. Tukaiona ikipakia magari, polepole, na Mwanaisha akiibonyeza leso yake kwenye tumbo la ndugu yake na kumwambia asilale. Tulipofika katikati ya maji Bakari alikuwa amekwisha kukata roho. Tulimpeleka hospitali akiwa maiti.

Polisi walimchukua kaka siku hiyohiyo. Aliwaeleza kwamba ililia yenyewe. Nani angeamini? Majirani walikumbuka yale maneno ya mpaka. Mzee Kombo alikwenda kituoni kusema kuwa hata yake hulia hivyo, wakamsikiza, wakamshukuru, wakamrudisha nyumbani. Mimi nilisema niliyoyaona. Dada wa mtu akimtetea kaka yake, hiyo si habari.

Matangani wanaume walikaa kwenye mikeka nje, nasi wanawake ndani. Mjomba Shali alikuja, akakaa kimya, yeye ambaye hakuna aliyewahi kumwona kimya. Mzee Omari, baba yake Bakari, alimtazama kwa muda mrefu. Sote tulisikia alipomwita.

"Shali. Wewe unayo bunduki kama ile."

"Naam."

"Nataka kujua kama mume wa binti yangu amemuua mwanangu. Sina haja ya kitu kingine. Yako imewahi kulia pasipo kufyatuliwa?"

Mjomba aliinamisha kichwa. Kisha akasema, "Imewahi. Mwaka jana. Ilitoboa paa la nyumba yangu."

"Athmani alipokuuliza, ilikuwa imekwisha kulia?"

"Ilikuwa imekwisha."

"Mbona hukumwambia?"

"Niliona haya," alisema mjomba. "Nilikwishaisifu kwa kila mtu."

Mzee Omari hakumtukana. Alisema, "Basi inuka ukawaambie polisi, upesi, kabla mtoto mwingine hajapotea." Kisha akajifunika uso kwa kanzu yake. Mzee Kombo, aliyekuwa pembeni, alianza kulia. Alisema, "Mimi nilimwambia. Nilimwambia pamoja na mkanda na bei ya feri. Nani angelisikia?"

Mjomba alikwenda. Polisi waliijaribu bunduki yake, wakaijaribu na ya kaka, na kaka akaachiliwa. Lakini mwanangu, kuachiliwa si kurudi. Mwanaisha alijua mumewe hana hatia, alilisema mbele ya watu, na bado hakuweza kulala nyumba moja naye. Alirudi kwa baba yake, na talaka akapewa kwa wema. Uhuru ulipokuja, watu wa Likoni walivuka wote kwenda kushangilia mjini. Kaka alibaki shambani. Alikuwa hapandi feri tena, na hakuipanda mpaka alipokufa. Mjomba Shali aliishi miaka mingi, akiheshimiwa kama kawaida, ila sikumsikia tena mtu akimuuliza rai yake juu ya kitu chochote.

Sasa sikiza ninalokuusia. Mtu akikuuliza juu ya kitu ulicho nacho, iwe bunduki, gari, au hata mchumba unayemjua, haulizi ili akusifu wewe uliyekichagua. Anaweka roho yake mkononi mwako. Anza na kasoro. Kama kasoro hiyo inaweza kuua, iseme peke yake, usiichanganye na manung'uniko, na useme mara ya pili ukimtazama machoni. Na wewe unayeuliza, usipime neno kwa mapenzi yako kwa msemaji. Mlalamishi naye huona.

Mungu akupe ulimi usioona haya kusema kweli, na masikio yasiyochagua sura. Akukinge na msiba ambao neno moja lingeuzuia, na usije ukawa wewe uliyelificha. Amin.