Mashine Imezima, Fundi Anataka Kuilazimisha

Leo nimemdaka fundi wangu mkono mbele ya mteja, na sijutii.

Mashine yangu ya kudarizi ilikuwa katikati ya msalaba, kwenye joho la mchungaji anayesimikwa kesho kule Isansa. Ikazima. Nikawasha. Ikazima tena.

Mama Tumaini, mwenye kuleta joho, akashika kichwa.

"Baba Anna, kanisa zima limealika watu. Nitawaambia nini?"

Fundi Sichone akachomoa bisibisi.

"Nageuza hii skrubu, naiongezea mota umeme. Hizi chipu za siku hizi ni waoga sana."

Waoga! Chipu ikihisi nyaya zimegusana mahali, inakata umeme ili bodi ya mashine isiungue. Huo ndio mnaouita woga?

Bisibisi ikagusa skrubu. Nikamdaka.

"Bodi ikiungua, joho utalidarizi wewe kwa mkono?"

"Bosi, unamchelewesha mama wa watu!"

Mama wa watu alikuwa ameshainama nyuma ya mashine.

"Mkimaliza kugombana, njooni muone huku."

Nyaya za mota, pale zinapojikunja kila mashine ikitembea, zilikuwa zimechubuka hadi shaba zimegusana. Tukaziunga upya, tukazungushia tepu. Joho limeondoka na msalaba mzima.

Lakini hasira haijaniisha. Tunduma hii fyuzi ikikatika tunafunga waya wa shaba, tunalala. Nyumba ikiungua, tunamsingizia shetani.

Nani hapa amefunga waya kwenye fyuzi yake? Semeni ukweli.

Nimemuuliza Sichone. Amechukua tepu na kwenda kwake kukagua fyuzi.