Kibuyu Kilichokatiwa Bima

Nimpaye wa Murusagamba hakuwa mwanamke wa kwenda mbele za watu na chombo kilichopasuka. Kibuyu cha pombe alichotumiwa na dada yake kutoka Biharamulo, tena kimekatiwa bima, kilifika na ufa hadi shingoni. Akakishona kwanza kwa nyuzi za mgomba, akaziba kwa nta, ndipo akakipeleka posta kudai fidia.

Karani akakijaza maji. Hata tone halikudondoka.

"Hiki kizima. Bima hailipi kizima."

"Kizima kwa sababu nimekishona!" Nimpaye alifoka.

Karani akautazama ule mshono, ndipo akakumbuka adabu. "Shikamoo, mama. Cha bibi yangu nacho kimepasuka. Utanishonea?"

"Marahaba." Nimpaye akakikwapua kibuyu chake. "Mwambie akitume kwa posta."