Mizizi ya Ziwani Hangzhou

Nimeuona mji mzuri kuliko yote ambayo macho yangu yatapata kuiona, na kila nikiulizwa habari zake naona haya. Watu wa mtaa huu wa Mtanda hawaelewi. Wakisikia nimefika Uchina hunifuata harusini, msibani, hata kisimani, wakitaka niwasimulie, na nikikataa wanasema bibi huyu ana maringo. Basi na waseme. Heri waniite mwenye maringo kuliko kujua ninachokificha.

Nilikwenda na Wajerumani. Nilikuwa yaya wa mtoto wao pale Kilwa Kivinje, na bwana alikuwa daktari wa boma. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimezimwa pwani, lakini huko kwetu Umatumbini moshi ulikuwa bado ukionekana, maana askari walikuwa wakichoma ghala na mashamba ili njaa imalizie kazi ya risasi. Daktari mwenyewe hakuchoma kitu. Alikula tu meza moja na waliochoma, na mimi nilikuwa chumba cha pili nikimlisha mtoto wake uji. Ikaja amri ahamie koloni lao lingine, Tsingtao, huko Uchina, na bibi mzungu akasema mtoto hatalala bila mimi.

Mama yangu alikuwa huko huko Umatumbini, milimani. Kwetu mtoto hasafiri bila kuaga, na mtoto wa kike hapandi chombo mpaka mama yake amemtamkia radhi kwa kinywa chake. Lakini njia ya Umatumbini ilikuwa imefungwa, na meli haimngoji mtu. Nikaondoka bila radhi, wala sikujua kama mama yu hai. Kila nilipoinua mikono baada ya sala ombi langu lilikuwa moja, nimkute, nimpigie magoti, aniridhie.

Tsingtao sina la kuusimulia. Kulikuwa na upepo, kambi, na nyumba za Kijerumani zile zile nilizoziacha Kivinje, ila zimejengwa penye baridi. Bibi mzungu, ambaye alikuwa na ugonjwa wa kuchora picha, alisikia sifa za Hangzhou, mji wa ziwa, akamsumbua mumewe mpaka wakafunga safari. Tulishuka kwa meli hadi Shanghai, halafu tukaingia mashua iliyokwenda siku na siku ndani ya mifereji iliyochimbwa kwa mikono ya watu, mbali kuliko Kilwa na Lindi. Pamoja nasi alikuwepo mpishi wao, Mchina, mzaliwa wa Hangzhou yenyewe. Mimi na yeye tulisemezana kwa Kijerumani cha jikoni: chemsha, leta, moto, haraka. Kila mmoja aliivunja lugha ya bwana wake kwa upande wake, na nadhani tulielewana vizuri kuliko bwana na bibi yake.

Sasa niseme nini juu ya Hangzhou? Vilima vimelizunguka ziwa pande tatu na mji umekaa upande wa nne. Asubuhi ukungu hutanda, vilima vikaonekana kama vimechorwa kwa masizi na mtu mwenye mkono mwepesi. Kuna miti yenye matawi malegevu yanayoinama mpaka kugusa maji. Tuta refu la udongo limekatiza ziwa, limepandwa miti huku na huku, lina madaraja ya mawe yaliyopinda mgongo, na ukilikaribia daraja kwa mashua unaiona nusu yake nyingine majini, mviringo umekamilika. Juu ya kilima kimoja umesimama mnara mwembamba. Kwenye miamba yamechongwa maandishi, na mpishi alinieleza kuwa ni mashairi ya watu wa zamani waliokuja kulitazama ziwa wakashindwa kunyamaza. Mimi, niliyezoea bahari ya Kivinje, nilikaa asubuhi nzima nikingoja maji yapwe. Hayakupwa.

Na wenyeji nao walinishangaza. Watu wazima na ndevu zao hukaa kutwa kwenye vibanda vya chai, wanatazama maji. Kilwa ukimwona mtu anatazama maji ujue anangoja jamaa yake, au samaki, au amefiwa. Hawa walitazama tu. Siku ya kwanza niliwacheka moyoni. Siku ya pili nikajikuta na mimi nimekaa, mtoto amelala mgongoni, natazama, na jua lilipokuwa limepanda ndipo nikakumbuka kwamba tangu alfajiri sijamwaza mama yangu. Nilishtuka kama niliyeshikwa mkono ndani ya mfuko wa mtu. Nikasimama, nikaanza kutembea ukingoni ili nisiendelee kufurahi.

Ndipo nilipowaona. Katika kona moja ya ziwa, wanaume kwa wanawake walikuwa wamesimama topeni mpaka mapajani, katika baridi ile, wakipapasa kwa miguu na kung'oa mizizi. Majani mapana ya mviringo yalikuwa yamekauka kuwazunguka. Niliyajua majani yale. Ni mayungiyungi, ndugu wa haya ya mabwawa yetu, na mizizi yake niliijua pia.

Kwetu mzizi wa yungiyungi ndicho chakula cha mwisho. Kwanza huisha mtama, halafu mhogo, halafu watu huingia porini kuchimba ming'oko, viazi vya mwitu, na hapo bado wanataniana. Mtu akishuka bwawani kung'oa mayungiyungi, utani umekwisha. Na adabu yake ni kwamba ukimkuta jirani yumo bwawani, au chungu chake cha mizizi kiko motoni, humwamkii. Unageuza uso unapita, kama hukumwona, na kesho mkikutana kila mmoja ameshiba, alhamdulillahi. Hata mtoto anayeanza kutumwa analijua hilo. Kumsalimia mtu penye chungu kile ni kumvua nguo.

Basi nikageuza uso, nikapita. Niliwahurumia watu wa Hangzhou kwa moyo wangu wote. Nikasema, kumbe hariri wanazovaa hapa na madaraja haya ni pazia tu, nyuma yake kuna njaa kama yetu, na nikazidi kuwapenda kwa jinsi walivyojua kuificha.

Kesho yake mpishi aliniombea ruhusa anipeleke kwao, nikamwamkie mama yake. Nyumba ilikuwa ya kuta nyeupe na vigae vyeusi, nyuma ya miforsadi, si mbali na ile kona ya ziwa. Mama mwenyewe alikuwa mfupi, miguu yake imefungwa tangu utotoni ikabaki midogo, hivyo alitembea taratibu akishika ukuta. Alinishika mikono yote miwili, akaitazama ngozi yangu, akacheka, akanipapasa shavu. Nilipiga magoti kumwamkia kama ningemwamkia mama wa rafiki yangu yeyote. Akafurahi sana, akaingia jikoni, akatoka na sahani.

Vilikuwa vipande vya mviringo, vyekundu kwa sukari, vitundu vyake vimejazwa wali wa kunata, na juu vimenyunyiziwa maua madogo ya manjano ambayo harufu yake ilijaza chumba. Ilikuwa mizizi ile ya topeni.

Mgeni njoo mwenyeji apone, husema watu wa pwani. Mimi niliona mwenyeji huyu badala ya kupona atakufa. Niliwaza, amemaliza sukari yake yote kukipamba chakula cha aibu, ili mgeni wa mwanawe asijue. Nikageuza uso. Nikatazama dirishani, nikamwambia mpishi, "Mwambie mama nimeshiba. Nimeshiba sana."

Mpishi akadhani nahofia nguruwe. Alijua dini yangu, na tangu Tsingtao alinipikia kwenye chungu changu mwenyewe, Mungu amlipe. "Nguruwe hakuna," aliniambia, kisha akamweleza mama yake. Mama yule akanishika mkono akanivuta jikoni, akafunua chungu anionyeshe kwa macho yangu kwamba hamna nyama wala mafuta, ni mizizi na sukari na wali basi. Hapo nikaona nimezidishiwa msiba. Natazamishwa ndani ya chungu cha njaa cha mwanamke wa rika la mama yangu. Nikafumba macho. Wallahi, nilisimama jikoni kwa watu nimefumba macho.

Akatwaa kipande akala mbele yangu ili aniondoe wasiwasi. Mimi nikatoka nje. Nilimsikia akimuuliza mwanawe neno, akamuuliza tena, na mara ya pili sauti ilikuwa ndogo. Mpishi hakunitafsiria. Njia nzima hakusema nami, na mimi, mjinga mkubwa, nilikuwa nikijisifu kimoyomoyo kwa adabu niliyoionyesha.

Jioni ile ile tajiri mmoja wa hariri alimwalika daktari kula kwenye mashua kubwa yenye taa. Nilikaa nyuma na mtoto, karibu na mpishi ambaye alikuwa amekuja kuhudumia. Vyakula vikapangwa, na katikati ya meza, penye heshima, ikawekwa sahani ya mizizi yenye maua ya manjano. Tajiri akachagua kipande kinene kwa vijiti vyake, akamwekea bibi mzungu. Wenye hariri wengine wakanyoosha mikono, kila mmoja akichungulia isije ikaisha.

Nikamuuliza mpishi kwa sauti ya chini, "Na hawa pia wana njaa?"

"Njaa gani?"

Nikajaribu kumweleza. Kijerumani cha jikoni hakina neno la sitara, wala la haya. Nilimwambia, kwetu hiki ni njaa, mama yako nilimwonea huruma, nikageuka nisimwone. Akaweka chini birika aliloshika. Akanieleza polepole kwamba hicho ndicho chakula ambacho mtu wa Hangzhou akiwa mbali hukiota, na kwamba mama yake alikuwa ameamka mapema kuchagua mizizi minene na kuichemsha kwa moto mdogo tangu alfajiri, kwa ajili yangu.

"Mama amelia," alisema. Kisha akachukua birika lake.

Mabaki yaliletwa nyuma kwetu. Nikala. Mizizi ilikuwa laini na mitamu, na kila ulipokata kipande kwa meno nyuzi nyembamba zilivutika zisikatike. Nilikula huku machozi yananitoka na bado nikafuta sahani kwa kidole. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, husema watu, lakini mimi nilijiona nimefanya kubwa zaidi, nimemwona mwenye shibe nikamwita mwenye njaa nyumbani kwake. Asubuhi tuliondoka kabla sijapata njia ya kurudi kwa yule mama kumwomba radhi. Nilimpa mpishi leso yangu nzuri ampelekee siku atakapokwenda. Sijui kama ilifika.

Daktari alipomaliza muda wake walirudi kwao Ulaya, nami nikapandishwa meli za kurudi Kilwa. Njia ya Umatumbini ilikuwa wazi sasa, kwani hapakuwa na wa kuzuia wala wa kuzuiwa. Mashamba yalikuwa nyasi. Nilipita vijiji ambavyo nilivitambua kwa miembe yake tu, nikafika kwetu, na mama yangu alikuwa hai. Alikuwa amechutama mbele ya moto ndani ya kibanda ambacho sikukijua, mifupa ya mabega imetokeza. Aliponiona, kitu cha kwanza alichofanya ni kuchukua ungo na kukifunika chungu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja."

Nikapiga magoti, nikamwambia yote, njia iliyofungwa, meli, na kuondoka bila kuaga. Nikamwomba radhi. Akaniwekea mkono kichwani.

"Radhi nilikupa siku ile ile niliposikia umeondoka," alisema. "Nilisema, angalau mmoja wetu yuko mahali anakula."

Hapo ningenyamaza. Ningetoka nje nikakaa mpaka chungu kiondolewe, kama alivyonilea yeye mwenyewe. Lakini harufu ya tope la bwawa ilikuwa imejaa kibandani, na kichwani mwangu alikuwamo yule mama mwingine niliyemgeuzia uso. Nikasema, kosa lile silirudii, tena kwa mama yangu. Nikaondoa ungo.

"Mama, hiki ni chakula kizuri. Kule nilikotoka kinaliwa na wenye hariri."

Akasogeza kuni motoni.

"Wanakipika kwa sukari, wanakitia maua. Tajiri humwekea mgeni wake mwenyewe."

"Mayungiyungi?"

"Mayungiyungi, mama."

Nikatwaa kipande nikatia mdomoni, ili aone. Kilikuwa kichungu, kina mchanga. Nikatabasamu.

Mama aliliona tabasamu lile. Kisha akauchukua ungo mikononi mwangu, akakifunika tena chungu chake.

"Nilikuzaa msema kweli," alisema.

"Wallahi, mama, nimeona kwa macho..."

"Usimwingize Mungu kwenye chungu changu." Hakupaza sauti. "Kuondoka bila kuniaga nimekuridhia. Hili la kunidanganya kwa kunihurumia, sikuridhii."

Sikuwa na shahidi. Nilitafuta sana, na kati ya Kilwa na Lindi sikumpata mtu mwingine aliyeliona ziwa lile aje anisemee. Nilimpelekea mchele kutoka Kivinje, akaupokea kwa shukrani, akaupika, akala na majirani. Mvua zikarudi, mtama ukarudi, mama akanenepa, akaishi miaka mingi, na tulicheka pamoja kwa mambo mengine. Lakini mpaka tunamzika, kila nilipofika nikaketi penye chungu chake, hata ghala likiwa limejaa, aliniambia kwamba yeye ameshakula.