Futi Mbili za Chumba cha Bi Mwanaidi

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika msumeno wala nyundo. Nilitoka kwetu Makunduchi alfajiri na shati la kuazima, nikafika kwenye karakana ya idara iliyokuwa ikitengeneza nyumba za Mji Mkongwe, na Fundi Mkuu akanipa kamba yenye kipande cha risasi nchani. Hiyo ndiyo timazi, inayokuonyesha kama ukuta umesimama wima au umelala. Akaniingiza kwenye nyumba ya mawe, akaniamuru niishushe katika pembe zote nne za chumba kisha nimletee majibu. Nilirudi nikamwambia timazi ni mbovu, maana kila pembe ilikuwa na jibu lake. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Timazi nzima," akasema. "Nyumba zetu ndivyo zilivyo. Ukitaka kuta zilizonyooka, nenda kwenu ukajenge banda la mbuzi."

Nilikaa chini yake miaka mingi. Alikuwa mkali, lakini chakula chake cha mchana hakukila peke yake hata siku moja. Alinifundisha kuwa boriti, yale magogo ya mikoko yanayobeba dari, hazipigwi msumari. Mti umekauka ukawa mgumu, msumari unapinda, kwa hiyo unatoboa kwanza kwa keekee. Baada yake alikuja Mhandisi aliyependa karatasi kuliko mbao, nami sikuwezana naye, nikahamia kwa Meneja wa nyumba moja ya wageni.

Kwa Meneja ndiko nilikopata jina. Nyumba za zamani hazina makabati. Wenyewe waliweka vyombo kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, na nguo kwenye masanduku. Mgeni wa siku hizi anataka kutundika nguo zake, basi nikawa nakata chumba kwa ukuta mwembamba, na nyuma yake linapatikana kabati. Unalaza ubao mmoja sakafuni, wa pili unaufunga juu chini ya boriti, katikati unasimamisha mbao za mbili kwa nne kila baada ya futi mbili, kisha unavisha plaiwudi. Ubao wa juu ndio mtihani. Boriti hazilingani, kwa hiyo unauchonga ufuate umbo la kila moja. Wengine walipiga misumari. Mimi nilitumia skrubu, nikazizamisha, nikaziba vichwa kwa vumbi la mbao na gundi, nikapaka rangi hata huoni zilipo. Meneja aliusukuma ukuta kwa bega akasema, "Makame, huu hautoki mpaka Kiyama." Kichwa kilinivimba kweli.

Fundi Mkuu alifariki nikiwa kwenye kazi hiyo. Alioshwa nyumbani kwake, chumba cha chini, ambacho sakafu yake ina tundu la kutolea maji. Mjane wake, Bi Mwanaidi, akaendelea kulala chumba hicho hicho. Baadaye binti yao, Rukia, alirudi kutoka Mwanakwerekwe na mume na watoto watatu, nguo zikawa kwenye mifuko mpaka kwenye ngazi. Wakaniita niwakatie kabati chumbani kwa mama, ndicho pekee chenye nafasi.

Bi Mwanaidi alinikaribisha kahawa. Nilipomwamkia shikamoo aliitikia marahaba, akaniambia la moyoni.

"Nshakubali, Makame, watoto waweke nguo zao. Lakini mume wangu alioshwa hapa, na mie nnataka nioshwe hapa hapa. Nyumba nyengine siitaki. Niachie nafasi ya kitanda."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Nilitoka moja kwa moja mpaka msikitini, nikamwomba mwadhini anifungulie stoo, nikakipima kile kitanda cha kuoshea maiti, urefu na upana. Mwadhini alinitazama kama mwendawazimu. Upana wake futi mbili na nusu. Chumba kilikuwa na futi saba, kabati na ukuta wake vikachukua mbili na nusu, zikabaki nne na nusu. Hesabu ikakubali. Nilijenga siku tatu, tena kwa mapenzi. Bi Mwanaidi alipitisha kiganja juu ya plaiwudi akaniombea dua.

Ulipita mwaka na kitu, akafariki asubuhi moja baada ya sala. Sisi wanaume tukakaa barazani kungojea, mazishi yakapangwa baada ya adhuhuri. Kitanda kilipelekwa ndani, wanawake wakafunga mlango. Haukupita muda Rukia akatoka, kanga kaishikilia kidevuni.

"Ami Makame," akasema, "kitanda kimeingia, lakini watu hawaingii."

Nilielewa papo hapo. Kitanda hakiwekwi ukutani. Kinakaa kati, mwoshaji anasimama upande mmoja, mwenziwe upande wa pili anampokea marehemu akigeuzwa, mwengine anamimina maji, na wengine wanashika shuka la kumsitiri. Kila upande nilikuwa nimewaachia futi moja. Nilikipima kitanda, wanaokizunguka sikuwapima.

Nilikwenda mbio kuchukua bisibisi. Niliporudi nikakumbuka kuwa mimi si maharimu wake, siwezi kuingia alimolazwa. Nikaipitisha bisibisi mlangoni, nikasimama nje nawaelekeza kwa sauti: kwaruzeni pembeni, shibiri moja kutoka chini, mtaona kichwa cha skrubu. Nikawasikia wakikwaruza kwa visu vya jikoni. Walipata mbili. Nilikuwa nimefunga zaidi ya sitini. Nikawaambia wavunje kwa nyundo, Rukia akajibu vumbi litamwangukia mama.

Kisha nikasikia sauti ya mwoshaji, bibi mtu mzima, haina hasira hata chembe. "Basi. Muacheni fundi na ukuta wake. Tumpelekeni kwa jirani, wakati unakwenda."

Wakamfunika, wakamtoa. Barazani sote tuligeuza nyuso. Bi Mwanaidi akaoshwa katika uwa wa nyumba ya watu, kwa mwanamke ambaye yeye naye hawakuzidi kuamkiana mlangoni.

Sikushika kazi tena tangu siku ile. Wanaoniuliza nawaambia magoti, na kweli magoti yananiuma, lakini sivyo. Vijana wanaonijia kujifunza nawafundisha yote, keekee, timazi, namna ya kuuchonga ubao wa juu. Kinachonitafuna ni kwamba siwezi hata kusingizia ujinga. Fundi Mkuu alipooshwa, mmoja wa waliosimama pembeni mwa kile kitanda nilikuwa mimi. Mgongo wake niliupokea kwa mikono yangu miwili, katika chumba kile kile, na aliyekuwa nyuma yangu akiniambia nisogee. Nilikuwa na haya yote kichwani siku ninapima, na sikuyauliza. Nilijiamini mno, na namba zilikuwa zimekubali.

Sikukuu iliyopita nilikwenda kwa Rukia kutoa mkono wa Idi. Nilimwambia niko tayari kuja kuutoa ule ukuta kwa mikono yangu, skrubu moja moja. Akanifungulia mlango wa kabati nione. Sare za skuli za watoto zilikuwa zimetundikwa kwa mpango, na chini viatu. Akasema wakiutoa nguo hizo watazirudisha kwenye mifuko, niuache.

Nikashindwa kuondoka. Nikamwomba radhi pale pale, nimeshika fremu ya mlango, nalia, mtu mzima mimi.

Rukia aliniacha nimalize. Akanifuta machozi kwa ncha ya mtandio wake kama ningekuwa baba yake.

"La kwangu nshakusamehe siku ile ile, Ami," akasema. "Lakini hili lilikuwa la mama."