Siku Afande Alipowasha Moto

Kwa miaka thelathini na mmoja kazi yake ilikuwa moja tu: kuzima moto. Alizima moto wa magodoro, wa maduka, wa magari, hata wa jiko la hoteli moja ambako aliacha nusu ya sharubu zake, na upande huo hazikuota vizuri tena. Mtaa mzima ulimwita Afande. Mkewe naye alimwita hivyo hivyo, hasa akiwa na jambo la kumchokoza. Alikuwa mtu mwema, wa kucheka mpaka mabega yanacheza. Ila kukaa naye mezani, we acha tu.

Maana king'ora hakina adabu. Kituo cha zimamoto kilikuwa mtaa wa pili, na king'ora kikilia vikombe vilitikisika kabatini. Mkewe anapakua, wanakaa, Afande anatia tonge la kwanza mdomoni, kinalia. Huyo, kashatoka! Mama wa watu anachukua sahani ya bati, ya bluu, anakifunika chakula cha mumewe, anamalizia cha kwake peke yake. Hata siku ya harusi yao, jamani, bwana harusi aliondoka kabla nyama haijafika mezani, akarudi na suti inanuka moshi.

Mkewe hakuwa mlalamishi. Alisema mara moja tu, tena kwa kucheka: "Siku moja ningependa nikuone ukishiba." Afande alicheka naye, lakini neno lile lilimkaa moyoni, wala halikutoka.

Kwa hiyo siku aliyorudisha kofia na buti za serikali, akastaafu, alifika nyumbani na tamko. "Jumapili hii huingii jikoni, mama. Nachoma nyama mimi, kwa mikono yangu hii. Tunakaa mezani mimi na wewe, mwanzo mpaka mwisho."

Pale palikuwa na shemeji yake, mdogo wa kike wa mkewe, ambaye Jumapili haimpiti na mdomo haumlali. "Wewe, shemeji? Ukimaliza sahani moja bila kuinuka, vyombo vya mwezi mzima naviosha mimi."

"Umesema?"

"Nimesema. Na sabuni naja nayo."

Mkewe aliangalia pembeni, akatabasamu, na tabasamu lile ndilo lililomnyima Afande usingizi. Vyombo vya shemeji havikumuumiza kichwa. Aliogopa kumwangusha mwanamke huyu kwa mara nyingine, sasa akiwa hana king'ora cha kusingizia.

Jumamosi asubuhi akaenda kwa fundi vyuma kutafuta jiko la kuchomea nyama. Fundi alianza kumwonyesha la gesi, linang'aa, lina vitufe vinne. Afande akarudi nyuma hatua tatu. Akauliza mpira wa gesi una umri gani, koki inakaza kiasi gani, na kama wameshapaka povu la sabuni kwenye maungio waone kama linavuja.

"Mzee," fundi akasema, "umekuja kununua au kukagua?"

"Yote mawili. Lete lingine."

La pili lilikuwa nusu pipa juu ya miguu minne myembamba. Afande akalisukuma kidogo kwa goti, likaenda chini. "Halisimami likiwa tupu, litasimama likiwa na moto? Na hili pipa lilikuwa na nini?"

Fundi akajikuna shingo. "Rangi, nadhani."

"Unadhani! Basi nyumbani kwangu tule rangi. Lingine."

La tatu ndilo. Bati nene, miguu iliyotanuka, kifuniko kizito, trei ya majivu inayovutwa, na matundu ya hewa ubavuni yenye kibati cha kuyafungua na kuyaziba. Afande alikisogeza kibati kile huku na huku kama mara kumi, akipenda kinavyoteleza. Fundi akaomba radhi kwamba halina magurudumu. "Afadhali," Afande akasema, "moto hautembezwi." Akalibeba mwenyewe mpaka nyumbani, na kila aliyemsalimia njiani alilazimika kulisalimia na jiko.

Jumapili ikafika. Mkewe alikalishwa kwenye kiti uani, kanga mpya mabegani, akaamriwa asiinuke. Afande akapima hatua tatu kutoka ukutani. Akalowesha kidole, akajua upepo unatoka wapi. Akaondoa nguo kambani. Kisha akapanga ndoo ya mchanga, ndoo mbili za maji, na blanketi bichi.

"Shemeji," akasema yule mwenye mdomo, "leo tunachoma nyama au tunachoma mtaa?"

"Cheka tu. Tahadhari haina likizo."

Akamimina mkaa, akausawazisha vizuri kabisa, akatia karatasi, akapiga kiberiti. Mafuta ya taa hakutaka hata kuyasikia. Moto ukachungulia, ukafa. Akapiga cha pili, ukachungulia, ukafa. Cha tano, cha nane. Jasho likamtoka. Mtu huyu aliujua moto ndani nje: unataka cha kula, unataka joto, unataka hewa. Alikuwa akiwafundisha vijana kazini. Sasa huu umepatwa na nini?

"Afande," mkewe akaita kutoka kitini, "unauzima."

"Nani? Mimi?"

"Mkono wako wa kushoto, baba. Hebu uangalie."

Afande akauangalia. Uko pale kwenye kibati cha matundu, umeyaziba ti! Akayafungua, akapiga kiberiti, akakodoa macho. Mwali ulipoinuka tu, mkono ukaondoka wenyewe bila ruhusa yake, ukaziba. Haki ya Mungu, hata yeye alishangaa. Alicheka mpaka akashika kiuno, na dada wawili nao hoi. Mazoea yana taabu.

"Utie mfukoni," mkewe akamwambia. "Na huo mkaa usiulaze hivyo, hauko gwaride. Ulundike katikati, upate nafasi ya kupumua."

Akautia mkono mfukoni, akalundika mkaa, akawasha. Safari hii ukakolea. Alisubiri mpaka mkaa ukavaa jivu jeupe, akautandaza, akaweka wavu, juu yake akapanga nusu ya nyama. Nusu nyingine aliiacha kwenye bakuli. Kikosini hawapeleki gari zote eneo moja, na hilo nalo halikumtoka kichwani.

Nyama ikaanza kulia. Harufu ikaruka ukuta, jirani akauliza kuna nini. Afande akachukua koleo, akageuza kipande, akajiona bingwa. Mafuta yakachuruzika kwenye makaa, na mwali mmoja mrefu ukapanda, puu!

"Moto!" shemeji akapiga ukelele wa furaha.

Angesema neno lingine lolote, jamani. Kabla hajafunga mdomo, Afande alikuwa ameshainama, ameshainuka, na ndoo nzima ya mchanga iko juu ya nyama.

Moshi kidogo, halafu hata moshi haupo. Kazi safi, kama ingekuwa duka la mtu. Afande alisimama na ndoo tupu mkononi, akautazama mchanga, na kicheko chake cha siku zote hakikuja. Aibu ilimshika kweli. Miaka yote ile amesema ni king'ora, kumbe leo king'ora hakijalia, na bado mkewe hajamwona akishiba.

"Nisamehe, mama," akasema.

Mkewe alikuwa amejifunika uso kwa kanga, mabega yanatikisika. Afande akadhani analia. Akamsogelea, akaishusha kanga taratibu. Mwanamke alikuwa anacheka mpaka machozi, hawezi hata kuvuta pumzi. "Sekunde ngapi?" akauliza alipopata sauti. "Shemeji yako alihesabu? Mimi sijawahi kukuona kazini, Afande. Kumbe uko hivi!"

Basi na yeye akacheka, afanyeje. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na nusu ya nyama ipo bakulini. Wakamwaga mchanga, wakasugua wavu, wakalundika mkaa upya. Shemeji akapigwa marufuku kutamka neno lolote. Na mkewe, ambaye aliamriwa asiinuke, aliinuka, akaja kusimama kando ya mumewe.

Mafuta yakachuruzika tena. Mwali ukapanda. Mkono wa Afande ukatoka mfukoni, ukaanza safari, na ukakutana na mkono wa mkewe, ukashikwa.

"Uache," mkewe akasema. "Huu ni wa kwetu."

Akauacha. Ukawaka, ukaramba nyama, ukatulia wenyewe. Afande aliutazama mpaka mwisho. Sijui kama katika maisha yake aliwahi kuutazama moto bila kuutafutia maji.

Wakakaa mezani, watatu. Afande akapakua mwenyewe, kipande kilichonona akampa mkewe. Walikuwa katikati ya kula king'ora kilipolia. Vikombe vikatikisika kabatini. Afande alikuwa ameshasukuma kiti, goti moja limeinuka. Shemeji akashikilia tonge hewani. Mkewe alitazama sahani yake tu, akaendelea kutafuna, taratibu.

Afande akatega sikio. "Gari mbili," akasema. "Dereva ni yule kijana wangu mwembamba, anavyopinda kona namjua." Akasikiliza mpaka sauti ikapotea. "Wanatosha."

Akavuta kiti, akakaa. Akala nyama yote, akaguguna mfupa, akafuta sahani kwa kidole, akajiegemeza nyuma na kushika tumbo. "Nimeshiba," akasema, kwa mshangao kabisa.

Mkewe alimtazama muda mrefu. "Kumbe ukishiba unakuwa hivyo," akasema, na macho yakamlowa.

Hapo ndipo akaiona. Kando ya sahani ya mumewe ilikuwepo sahani ya bati, ya bluu, ile ya kufunikia. Aliileta mwenyewe bila kujua, wakati wa kuandaa meza, maana mkono wake nao una mazoea yake. Aliishika, akaigeuza juu chini, akakusanyia humo mifupa ya wote watatu.

"Na hiyo naosha mimi?" shemeji akauliza.

"Na hiyo," wakajibu kwa pamoja.