Njia Niliyoipindisha Ng'ambo ya Tshopo

Ng'ambo ya mto Tshopo, ukishavuka daraja na kelele za maporomoko zikabaki mgongoni, wazungu walitenga msitu wao wa kutembea. Nasema wao kwa sababu sisi tuliingia humo na panga au na kikapu, wao waliingia na kofia. Mji wenyewe walikuwa wameupa jina lao; sisi tulisema Kisangani, na miaka ile ya hamsini kila upande ulitumia jina lake bila kugombana. Msituni mlikuwa na njia tatu, zote rahisi, na mtunzaji wake nilikuwa mimi. Nikisema rahisi, nina maana kwamba bibi wa kizungu mwenye viatu vya kanisani angeweza kuzunguka ile ndefu kuliko zote na kurudi kwenye gari bila tope kwenye soksi.

Kazi ilikuwa na utaratibu wake. Nilikata ufito wenye urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, nikatembea nao umelala mbele ya kifua. Ukigusa jani upande wowote, jani hilo lilikatwa. Mizizi niliifukia kwa changarawe ya mtoni. Penye maji niliweka vigogo. Majani makavu niliyafagia kila Jumamosi, jambo lililomchekesha mke wangu: alisema amesikia watu wanafagia nyumba, wengine wanafagia uwanja, yeye ameolewa na mtu anayefagia msitu. Nilikuwa na kaptula ya kaki na kofia yenye beji ya bati, na ukweli ni kwamba nilijiona. Kijana wa miaka ishirini na minne akipewa kofia, masikio yake huziba.

Msitu ule haukuwa msitu tangu zamani. Watu wa mke wangu walikuwa na kijiji humo, kabla Serikali haijawahamishia kando ya barabara ya Banalia ili waonekane vizuri. Nyumba zilianguka, michikichi ikabaki, na njia moja ya kutoka kijijini kwenda mtoni ikabaki pia, kwa kuwa wanawake waliendelea kuipita wakitafuta uyoga na majani ya fumbwa. Kando ya njia hiyo ndipo alipozikwa mtoto wetu.

Alikuwa msichana, wa kwanza. Aliishi siku kumi na moja. Mimi nilikuwa Bafwasende kwenye kazi ya barabara, na habari zote mbili, ya kuzaliwa na ya kufa, zilinifikia kwa lori moja, kutoka mdomoni mwa dereva mmoja. Niliporudi mke wangu alinipeleka. Niliona tuta dogo la udongo na chungu kidogo kimefunikwa juu yake, hatua moja tu kutoka mahali watu wanapokanyaga. Nilishangaa kumwona karibu hivyo na miguu ya watu. Aliyemzika ni mama wa mke wangu, na kwetu mtu hamwulizi bokilo, mkwe wake, maswali. Unamsalimu kwa mbali, unainama, unapita. Mke wangu naye alikuwa analia. Kuuliza si ujinga, lakini sikuuliza. Nilijijibu mwenyewe kwamba mama alikuwa mzee, hakuwa na nguvu za kwenda mbali na jembe.

Miaka miwili baadaye nikapewa ile kofia. Bwana wa misitu, mzungu mrefu aliyejua Kiswahili cha kuamuru tu, aliamua kwamba njia ya tatu ifuate ile ya zamani, kwa kuwa ardhi yake ilikuwa imeshashikana. Tulivuta kamba, mimi mbele, yeye nyuma na daftari. Tulikikaribia kile chungu. Niliwaona wote watakaopita hapo, viatu vyao, mbwa wao, watoto wao wakikipiga chungu teke. Nikamwambia kwamba pale mbele pana siafu wengi na mvua ikinyesha ardhi inatitia. Ulikuwa uongo mtupu. Aliuliza tupite wapi basi, nami nikaivuta kamba kushoto, hatua arobaini, nikaizungusha nyuma ya mti mkubwa wa limbali, kisha nikairudisha kwenye mstari wake. Watu waliisifu sana kona ile, hata Bwana akawekesha benchi.

Jioni nilimweleza mke wangu kama mtu anayeleta nyama nyumbani. Nilisema mtoto wetu sasa atapumzika, hakuna kiatu kitakachomsogelea, kwa sababu sheria ya msitu inakataza mtu yeyote kutoka nje ya njia. Alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Aliuweka mchi chini.

"Nani alikuambia anataka kupumuzika?" alisema. "Mama alimuweka pale sababu ya miguu yangu. Mutoto ule hakuota meno, hayaenda mbali. Kama napita, anasikia, anarudia ndani yangu. Sasa wewe, papa, umemufungia mulango."

Hivyo ndivyo nilivyoijua desturi ya wakwe zangu, nikiwa nimekwisha kuivunja. Mtoto mchanga hawampeleki makaburini. Wanamlaza kando ya njia ambayo mama yake hupita na kikapu, ili amsikie na kurudi tumboni. Misheni walinifundisha mengi, hilo hawakunifundisha. Kumbe miaka miwili yote mke wangu alikuwa anapita pale kila wiki, nami nikidhani anapenda uyoga. Mimba ilikuwa haijaingia, lakini alikuwa na njia ya kuingojea. Mimi niliichukua, tena kwa upendo, na mpaka leo jambo hilo linaniudhi kuliko mengine yote.

Sikuweza kurudi kwa Bwana na kumwambia kwamba siafu wamehama. Maji yakimwagika hayazoleki. Mke wangu hakugombana nami. Alianza kujipitia mwenyewe. Siku za kazi aliingia na kikapu mgongoni, alipofika kwenye limbali aliiacha njia yangu, akafuata ile ya zamani, akapita mbele ya chungu na kutokea upande wa pili. Mara nyingi mimi nilikuwa nafagia upande huu, yeye anatembea upande ule, na miti katikati yetu. Nilimsikia bila kumwona. Alikwenda polepole, akikanyaga kwa nguvu kidogo, kwa makusudi, ili asikike. Baadaye nikaanza kuzisikia hatua zile hata siku ambazo nilimwacha nyumbani amelala na homa. Nikisimama na ufagio, zinasimama. Nikifagia, zinaendelea. Sikumwambia mtu, maana mtunza njia anayeogopa njia ni kichekesho cha mtaa mzima.

Jumapili moja madame mmoja aliyekaa kwenye benchi aliniita. Aliniuliza ni mtoto wa nani amepotea huko nyuma ya mti, kwa sababu analia na hakuna anayemwendea. Mumewe hakuwa amesikia kitu. Nilimjibu kwamba ni ndege. Akauliza ndege gani, nikasema huku kwetu ndege ni wengi. Lakini nilimjua kila ndege wa msitu ule, na hakukuwa na hata mmoja wa kulia hivyo. Na mimi pia nilikuwa nimesikia. Kilikuwa kilio kifupi, cha mtoto ambaye bado hajapata nguvu za kulia.

Madame alilalamika ofisini. Jumatatu Bwana alikuja, akazunguka limbali, akakiona kijia cha mke wangu kilivyong'aa kwa kukanyagwa. Alidhani ni cha watega wanyama. Aliniamuru nikifunge siku hiyohiyo, na kikifunguka tena atatafuta mtunza njia mwingine. Ningeweza kusema. Nilikuwa na mdomo. Nilifikiria nyumba tuliyopewa kwa kazi ile, na jinsi watu wa mtaani walivyoniita shefu, mkubwa, nikachukua panga. Nilikata mimea ya kekele itambaayo, yenye miiba mirefu, nikairundika mwanzo na mwisho wa kijia, kisha juu yake nikalaza tawi bichi kwa kukingama, alama ya msituni kwamba hapa hapapitwi. Hata mtoto mdogo wa huku anaijua alama hiyo. Kazi yote ile niliifanya bila kukitazama chungu.

Nyumbani nilisema wazungu wameifunga njia. Njia ya mwongo ni fupi. Mke wangu alinishika mikono, akaigeuza kwenye mwanga wa mlangoni. Ilikuwa imechanwa na miiba mpaka kwenye viwiko. Alileta mafuta ya mawese, akanipaka taratibu, kidole kwa kidole. Asubuhi alifunga nguo zake akaenda kwa mama yake, barabara ya Banalia.

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa kweli. Kilio sasa kilikuja siku za kazi, asubuhi, nikiwa peke yangu. Niliimba nyimbo za misheni ili nisikisikie, nikakisikia kati ya beti. Wiki ya tatu nilishindwa. Niliivuta miiba pembeni, nikalitupa tawi, nikapita mwenyewe. Nilimsikia mwanangu, ambaye sikuwahi kumsikia akiwa hai. Nilipobakiza hatua kumi kufika kwenye chungu, alinyamaza. Nilirudi nyuma nikangoja, naye akaanza tena. Nikapita tena, akanyamaza tena. Nilivua viatu vya kazi nikaenda miguu mitupu, ikawa vilevile. Alikuwa anasikiliza, na akisikia kwamba miguu si ile, anaacha.

Niliiacha kazi ya siku ile palepale. Nilitembea mpaka kijiji kipya cha wakwe, nikafika mchana, na kwa mara ya kwanza maishani nikasimama mbele ya bokilo wangu na kusema naye ana kwa ana. Nilisema ni mimi niliyeipindisha njia, ni mimi niliyeifunga, na mtoto anaita. Alitazama pembeni, kama adabu inavyotaka, lakini alimwita binti yake. Mke wangu alisikiliza yote akiwa ameshika mwimo wa mlango. Aliuliza jambo moja tu, kama kilio kilikuwa cha njaa au cha usingizi. Sikujua tofauti. Niliona aibu kuliko siku zote. Akachukua kikapu chake.

Tulifika jua likiwa bado juu ya michikichi. Mimi nilibaki kwenye benchi, kofia mkononi. Yeye aliingia peke yake. Nilizisikiliza hatua zake zile nzito zikipita nyuma ya limbali, zikikaribia pale, zikipita pale, na hakukuwa na kilio. Nilidhani amemtambua mama yake, ametulia. Mke wangu alitokea upande wa pili, akaja akasimama mbele yangu.

"Hakuna mutu," alisema. "Alichoka kungoya. Ameenda."

Nilimwomba apite tena. Akapita tena. Nilimwomba mara nyingine, naye hakukataa, akageuka akaenda, na kikapu kitupu mgongoni, mpaka jua likatua na yeye bado anakwenda na kurudi mbele ya kile chungu, na mimi bado nasema mara moja tu, mama, mara moja tena.

Alirudi kukaa nami, na hatukupata mtoto mwingine. Bwana hakunifukuza, kijia kile kiliota majani chenyewe, bila mtu kukifunga. Nilifanya kazi pale miaka mitatu zaidi. Nilifagia polepole, na nilipofika kwenye ile kona nilikaa kimya na kutega sikio, asubuhi baada ya asubuhi, nikitamani kukisikia. Sikukisikia tena.