Mtumbwi Uliofungwa Kama Ndama

Baba mkwe wangu aliupata mtumbwi kwa kutoa ng'ombe wanne, na mpaka leo anaufuga, hauendeshi. Ni mtu wa Didia, kwenye nchi kavu. Ziwa amelijua ukubwani, mume wangu alipopata kazi ya machimbo upande wa Geita na wazazi wakamfuata. Mimi nimezaliwa Nkome, baba yangu mvuvi. Kabla sijapelekwa shule ya bweni nilikuwa najua kutia nanga.

Safari ilikuwa ya kumpeleka mwanangu wa kwanza, wa miezi minne, kwa bibi yangu kisiwani, amwone kabla macho hayajamzimika. Siku mbili majini: baba mkwe kwenye usukani, mume wangu kwenye tanga, mama mkwe na mimi katikati. Nilimpa mzee mgongo, kanga kichwani, kwa sababu kwao mke wa mtoto hamtazami baba mkwe usoni wala hasemi naye. Nikiwa na neno nalipitisha kwa mume. Mila hiyo niliikubali siku ya harusi na sikuwahi kuikosea.

Jua lilipoanza kushuka tukatafuta pa kulala. Nikaona mahali: nyuma ya rasi ya mawe maji yameingia ndani, mafunjo yamesimama wima, mayungiyungi yametanda. Yungiyungi halikai penye mawimbi. Upande wa pili wa rasi palikuwa na ufuko mpana wa mchanga mweupe, makombe ya konokono yamerundikana juu kabisa, karibu na majani. Hayakupanda huko kwa miguu.

Nikamwambia mume wangu, "Mwambie baba tuingie kwenye mafunjo. Huo mchanga usiku unapigwa."

Akamwambia. Mzee akacheka nyuma yangu. "Tukalale na mamba na mbu? Mwambie mama mtoto, shuleni wamemfundisha ramani, kambi hawakumfundisha. Kambi ni mahali peupe, unamwona fisi anakotokea."

"Baba, yeye ni mtu wa huku," mume wangu akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani.

"Na mtumbwi ni wa nani?"

Basi, mume wangu akageuza tanga. Tukaenda mchangani. Mzee akapigilia kigingi, akaufunga mtumbwi kwa kamba fupi kama mkono, wanavyofunga ndama asimfuate mama yake. Jiwe la nanga likabaki ndani. Nikapitisha neno tena: kamba iwe ndefu, mtumbwi upate kupanda na kushuka.

"Ukiuachia kamba utatangatanga," akajibu.

Wanaume wakalala mchangani. Mama mkwe, mimi na mtoto tukalala mtumbwini chini ya turubai. Usiku ule sitausimulia sana. Upepo ulitoka ziwani, ile kamba ikaushika mtumbwi pua chini, kila wimbi likaingia. Nilitoka maji yakiwa kiunoni, mwanangu nimemwinua juu ya kichwa, mama mkwe amening'ang'ania nguo analia, "Ng'wana wane, mwanangu, usimwangushe!" Mtoto alilowa chepechepe. Kulipokucha alikuwa anakohoa, kikohozi kikavu kama cha mzee.

Wanaume wakakumba maji, wakaufunga mtumbwi kwa kigingi kile kile, kamba ile ile. Mume wangu na mama yake wakaenda kutafuta kuni. Mzee akainama kupuliza moto. Mimi nilikuwa nimelielekea ziwa, kama adabu inavyotaka. Upepo ulikuwa umegeuka, sasa unatoka nchi kavu. Nikakiona kigingi kinainama. Kikang'oka. Mtumbwi ukaondoka taratibu, na koti la mzee, na kigoda chake.

Ningeweza kupiga makofi. Ningeweza kuangusha sufuria. Nilimnyonyesha mwanangu.

Alipogeuka alikimbilia majini mpaka kifuani, akasimama hapo, kuogelea hajui. Akarudi anachuruzika, mila zote kazisahau, akanijia mbele. "Umekaa unaangalia! Kwa nini hukusema?"

Nikajifunika kanga, nikamgeuzia mgongo, nikamwambia mtoto: "Baba, mwambie babu yako mama ana adabu. Hasemi na baba mkwe."

Mtumbwi uliletwa na wavuvi wawili waliokuwa wamelala kwenye mafunjo. Nguo zao kavu, kigingi bado kinaning'inia kwenye kamba. "Shikamoo, mzee! Huyu ndama wako anakwenda wapi bila mchungaji?"

"Marahaba," akasema, meno hayakufunguka.

Jioni ya pili nilimsikia nyuma yangu: "Muulize mama mtoto tulale wapi." Mume akaniuliza. Nikamrekebishia mtoto nguo. Mzee akarudia. Jua lilikuwa bado juu, nilikuwa na nafasi. Aliporudia mara ya tatu, kwa upole, ndipo nikanyoosha kidole.

Mume wangu ananiambia nina roho mbaya, kwamba watu wazima hufunza kwa maneno. Kikohozi cha mtoto kilidumu wiki tatu. Kila alipokohoa mikononi mwangu, nilijutia kitu kimoja: wale wavuvi waliwahi mno kuamka.